Umeona taa angani na huielewi? Ichambue hivi

Mtu akikupigia simu usiku na kusema kuna kitu kinang'aa juu ya kilima na hakiendi popote, usimwambie ni mawenge. Ameona kitu. Wanaotunga uongo kuhusu UFO, yaani vitu vya angani visivyotambulika, ni wachache. Wengi ni watu wazima wenye akili zao, waliotazama juu wakakutana na jambo wasilolijua. Kazi ya mchunguzi wa kujitolea ni kukitafuta hicho kitu, na kukitafuta kwa adabu, kabla hajafungua mdomo kuhusu wageni wa sayari nyingine.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Allan Hendry, mchunguzi wa kituo kilichoanzishwa na mwanaastronomia J. Allen Hynek nchini Marekani, alifuatilia ripoti zaidi ya 1,300 moja baada ya nyingine. Takriban tisa katika kila kumi zilipata maelezo ya kawaida: nyota, sayari, ndege za matangazo zenye taa, vimondo, maputo. Jeshi la Anga la Marekani nalo, katika mradi wa Blue Book uliofungwa mwaka 1969, lilikusanya ripoti 12,618 na kubakiwa na 701 zisizo na jibu. Kwa hiyo ukianza kwa kutafuta jibu la kawaida hujamdharau shahidi. Umeanzia pale penye uwezekano mkubwa.

Ripoti haishikiki

"Juzi usiku niliona taa kubwa sana, iko karibu kabisa." Hapo hakuna hata kipimo kimoja. Kabla ya kubishana kuhusu kilichoonekana, pata mambo manne: saa, upande wa dira, urefu juu ya upeo wa macho, na muda ilioonekana.

Saa ndiyo inayoharibu kesi nyingi za kwetu. Shahidi akisema "saa mbili usiku" anamaanisha 20:00, lakini mtu aliye mbali akiingiza 02:00 kwenye programu ya nyota ataletewa anga nyingine kabisa, na ataapa kwamba hapakuwa na sayari yoyote upande ule. Andika saa zote mbili, ya Kiswahili na ya simu. Kisha ibadili iwe saa ya UTC, yaani saa moja ya kimataifa, kwa sababu orodha za setilaiti na kumbukumbu za safari za ndege hutumia hiyo: punguza saa 3 kwa Kenya, Tanzania na Uganda, na saa 2 kwa Rwanda, Burundi na mashariki ya Kongo.

Usimuulize kilikuwa umbali gani au kilikuwa na ukubwa wa mita ngapi. Taa isiyojulikana ikiwa gizani, jicho halina namna ya kupima umbali wake, na bila umbali hakuna ukubwa wala kasi. Muulize kitu anachoweza kukijibu. Akinyosha mkono wake, ngumi aliyoifumba inafunika takriban digrii 10 za anga, na kidole cha mwisho digrii 1. Mwezi mzima ni nusu ya hapo. "Kidole chako kingeifunika ile taa?" Watu wengi hushtuka kwa jibu lao wenyewe: kitu walichokiita kikubwa kuliko nyumba kingefunikwa na ukucha.

Rudi naye mahali pale pale, akae alipokuwa amekaa. Aonyeshe kwa mkono. Chukua dira ya simu, na uhakikishe hajasimama karibu na gari au mabati, kwa maana chuma huipotosha dira.

Taa imesimama, inameta rangi nyingi, au "inanifuata"

Anza na sayari. Zuhura inapong'aa kwa nguvu zake zote huzidi kila kitu angani isipokuwa jua na mwezi, na kwa sababu huku karibu na ikweta giza hushuka haraka, inaonekana kana kwamba mtu ameiwasha ghafla upande wa magharibi. Haiwezi kuachana na jua kwa zaidi ya digrii 47 hivi. Kwa hiyo ikiwa shahidi aliiona saa sita za usiku, si Zuhura, angalia Mshtarii. Huku kwetu pia sayari huzama karibu wima, jambo linalomfanya mtu aseme "ilitua nyuma ya mlima".

Nyota angavu iliyo chini karibu na upeo wa macho, Sirius hasa, humeta nyekundu, kijani na buluu. Mwanga wake unapita kwenye hewa nene yenye joto tofauti tofauti, na hewa ndiyo inayoutawanya. Kumfuata mtu barabarani nako kuna sababu rahisi: kitu kilicho mbali mno hakibadiliki mahali unapoendesha, ilhali miti na nguzo zinarudi nyuma.

Namna ya kuhakiki: kesho yake, saa ile ile, asimame mahali pale pale na aegemeze kichwa ukutani, alinganishe taa na ncha ya paa. Kuegemea kuna maana yake. Nukta ya mwanga ikitazamwa peke yake gizani huonekana kutangatanga hata kama imetulia, na hilo linatokea kwenye jicho la kila mtu, rubani na mchungaji wa mbuzi. Kwa kutumia paa kama alama, kutangatanga huisha. Ikiwa taa ipo tena kesho, umepata nyota au sayari. Fungua Stellarium, programu ya ramani ya nyota, upate jina lake.

Ikiwa kesho haipo, fikiria ndege. Ndege inayokuja moja kwa moja kuelekea ulipo ikiwa imewasha taa za kutua huonekana imesimama kwa dakika kadhaa. Ikigeuka, taa kubwa "inazimika" na unabaki na nyekundu ya bawa la kushoto au kijani ya bawa la kulia. Desemba 2024 hofu ya droni ilipolikumba jimbo la New Jersey, FBI walipokea taarifa zaidi ya 5,000, na serikali ya Marekani ikasema vilivyoonekana ni droni halali, ndege, helikopta, na hata nyota. Kumbukumbu za Flightradar24, tovuti inayofuatilia safari za ndege, zitazame mapema, kabla hazijafichwa nyuma ya malipo.

Taa nyingi zimepangana mstarini, zinapita kimya

Hiyo ni Starlink, setilaiti za intaneti za kampuni ya SpaceX, mpaka ithibitike vinginevyo. Kundi la kwanza la setilaiti 60 lilirushwa Mei 2019, na tangu hapo kila kundi jipya huonekana kama msururu kwa siku chache, kabla setilaiti hazijatawanyika na kupanda juu zaidi. Huonekana baada ya magharibi au kabla ya alfajiri, wakati sisi tuko gizani nazo bado zinapigwa na jua. Tovuti za kukadiria njia za setilaiti zitakupa jibu kwa dakika mbili ukiwa na saa sahihi.

Ipo namna ya pili, inayowasumbua marubani zaidi: usiku mkubwa, taa zinawaka na kuzimika moja baada ya nyingine karibu na upeo wa macho, kama zinazunguka mahali pamoja. Nazo mara nyingi ni Starlink, zinaakisi jua lililo chini ya upeo upande ule ule. Ikiwa ni taa moja tu, nyeupe, inakata anga kwa dakika tano hivi bila kupepesa, angalia kwanza Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Duara au mzunguko wa konokono unaopanuka taratibu na kufifia ni roketi inayomwaga mafuta huku ikizunguka, au kombora lililoharibika. Ule wa Norway wa tarehe 9 Desemba 2009 ulikuwa kombora la Urusi aina ya Bulava lililofeli.

Chombo kikubwa, cheusi, chenye madirisha yanayowaka

Hapa naomba uwe mpole zaidi na shahidi, kwa kuwa hii ndiyo dalili inayobadilisha maisha ya watu. Mtu ameona taa tatu, tano, kumi, zikienda pamoja kwa mwendo mmoja bila sauti, na kati yake ameona mwili wa chombo. Mwili huo ubongo umeujaza wenyewe.

Ushahidi upo. Tarehe 3 Machi 1968, mabaki yaliyotokana na kurushwa kwa Zond 4, chombo cha anga cha Umoja wa Kisovieti, yaliungua juu ya majimbo ya mashariki ya Marekani. Baadhi ya walioyaona, watu makini kabisa, waliripoti chombo chenye umbo la sigara na madirisha ya mraba. Tarehe 11 Desemba 1996, huko Yukon nchini Kanada, watu waliokuwa barabarani walieleza chombo kikubwa kuliko uwanja wa mpira. Miaka mingi baadaye ikakokotolewa kwamba saa ile na njia ile vilikuwa vya kurudi kwa kipande cha roketi iliyorusha setilaiti ya Cosmos 2335. Mashahidi hawakudanganya. Idadi ya taa na mwelekeo waliusema vizuri. Umbali na mwili ndivyo vilivyoongezwa.

Tofautisha kimondo na kipande cha roketi kwa muda. Kimondo huisha kwa sekunde chache. Mabaki ya roketi hupita karibu sambamba na ardhi, yakimeguka, kwa dakika moja au zaidi. Na baada ya mwanga mkubwa, uliza kuhusu mngurumo, hata dakika kadhaa baadaye: sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mngurumo unaochelewa unaashiria jiwe lililofika chini kabisa ya anga. Afrika Mashariki ina kesi za kweli: mawe ya Mbale, Uganda, ya tarehe 14 Agosti 1992, ambapo kipande kidogo kilimpiga mvulana baada ya kupunguzwa kasi na mgomba; na jiwe la Thika la Julai 2011.

Vyuma navyo huanguka. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye upana wa mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilifika, likaichukua, likasema ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Ukikuta kitu kama hicho usikiguse, kwa sababu mabaki ya mafuta ya roketi yanaweza kuwa sumu. Piga picha ukiwa mbali, weka kitu cha kulinganishia ukubwa, waite polisi.

Ikiwa taa ziko bado angani unaposoma hili, tafuta darubini. Machi 1997, wakati mji wa Phoenix, Marekani, ukitazama juu kwa mshangao, mwanaastronomia wa kujitolea alielekeza darubini yake kwenye zile taa akaona ndege, kila moja na mabawa yake.

Taa zinaelea juu ya maji

Ukanda wa pwani, Ziwa Viktoria, Ziwa Tanganyika: kabla ya yote, muulize mvuvi. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai, sasa taa za LED na betri, na mitumbwi mingi ikiwa pamoja huonekana kama mji usiokuwepo mchana. Hewa ya joto na baridi iliyopangana juu ya maji huweza kuinua picha hiyo juu ya upeo wa macho, taa zikaonekana kuning'inia hewani. Hapa mwezi ndio shahidi wako bora. Wavuvi hao hutoka giza la mwezi na hupumzika mbalamwezi, kwa kuwa mwanga wa mwezi hushindana na taa zao. Chukua kalenda, ziweke tarehe za matukio juu yake. Zikikusanyika zote kwenye giza na kukatika mwezi ukiwa mpevu, nenda ufukweni kwa mahojiano ya mwisho.

Wataalamu wenye vifaa pia hukwama hapa. Machi 2004 wanajeshi wa anga wa Meksiko walirekodi kwa kamera ya joto taa zilizoonekana kuwafuata juu ya Campeche. Zilikuwa miali ya gesi kwenye visima vya mafuta baharini, mbali mno. Na katika msitu wa Rendlesham, Uingereza, Desemba 1980, mwanga uliowaka na kuzima mbele ya wanajeshi wa Marekani uliendana na mnara wa taa wa Orfordness, wenye mzunguko wa sekunde tano.

Macho hayakuona cha ajabu, video ndiyo inaonyesha

Basi tatizo ni la kamera. Nukta iliyokuzwa kwa simu na kuwa mpira unaopumua ni nyota iliyo nje ya fokasi, na simu inahangaika kuipata. Nukta za kijani zinazosogea kinyume na mkono wako ni mwanga wa taa ya barabarani unaoakisiwa ndani ya lenzi: chora mstari kutoka kwenye taa kupitia katikati ya picha, utaikuta upande wa pili. Fimbo ndefu zenye mbawa zinazopita kwa kasi ni wadudu waliopita karibu na lenzi.

Umbo halikuambii lolote ikiwa fokasi haipo, kwa sababu mwanga uliotawanyika huchukua umbo la tundu la lenzi. "Piramidi" zilizorekodiwa kutoka kwenye meli ya kivita ya Marekani mwaka 2019 zilizunguka dunia nzima. Mei 2022 afisa wa ujasusi wa jeshi la majini, Scott Bray, aliwaeleza wabunge kwamba pembetatu zile zilitokana na kupiga picha kupitia kifaa cha kuonea usiku.

Kasi pia hudanganya. Video maarufu ya GoFast, iliyorekodiwa kutoka kwenye ndege ya kivita ya Marekani, inaonyesha kitu kinachoteleza juu ya bahari kama risasi. Jopo la NASA la mwaka 2023 lilitumia namba zilizoandikwa kwenye skrini ile ile, likapata kwamba kitu kilikuwa juu sana kutoka majini na kilikwenda takriban kilomita 64 kwa saa, mwendo wa upepo. Aliyekuwa na kasi ni rubani.

Daima omba faili halisi kutoka kwenye simu iliyorekodi. Iliyopitia WhatsApp imeshapunguzwa ubora na kupoteza tarehe na mahali.

Mashahidi wanakubaliana mno

Wengi hufurahi wakiona hivi. Mimi huanza kuwa na wasiwasi. Watu watano walioona jambo moja kwa kweli hutofautiana kidogo. Wakifanana neno kwa neno, wameshakaa pamoja wakazungumza.

Kesi inayonifundisha zaidi ni ya shule ya Ariel, Ruwa, Zimbabwe, tarehe 16 Septemba 1994. Wanafunzi wapatao 60 walisema wameona chombo na viumbe karibu na uwanja wa shule wakati wa mapumziko, walimu wakiwa kikaoni. Siku mbili kabla, kipande cha roketi ya Urusi kilikuwa kimeungua juu ya kusini mwa Afrika, na nchi nzima ilikuwa inazungumzia UFO. Hilo halielezi walichokiona watoto mchana kweupe. Linaeleza hewa waliyokuwa wakiivuta. Wapo waliokuja kuthibitisha maneno yao wakiwa watu wazima, na sioni sababu ya kuwavunjia heshima. Kilichopotea ni nafasi ya kujua zaidi: watoto walihojiwa kwa vikundi, wenzao wakisikiliza, siku kadhaa zikiwa zimepita, na wahoji walikuwa na majibu wanayoyatamani.

Kwa hiyo mtenganishe kila shahidi siku ile ile. Achore kabla hajaongea, kisha aeleze bila kukatizwa. Usitaje neno "chombo" kabla yake. Na mtu akikupendekezea kumlaza shahidi usingizi wa kiini macho (hypnosis) ili "akumbuke", kataa. Njia hiyo hutengeneza kumbukumbu, na mwenyewe hawezi tena kuzitofautisha na zile za kweli.

Una hati ya siri

Soma juu ya ukurasa kabla ya katikati. Wakongo watapenda mfano huu: ipo hati ya CIA ya Agosti 1952 kuhusu sahani mbili za moto juu ya machimbo ya urani karibu na Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, na kamanda aitwaye Pierre aliyezifukuza kwa ndege. Inasambazwa kama CIA wakikiri. Lakini CIA hawakuchunguza chochote. Hati ile ni tafsiri ya habari ya gazeti la Vienna ya Machi mwaka ule. Muhuri wa serikali unaonyesha nani aliihifadhi karatasi. Ukweli wa kilichoandikwa unatafutwa Lubumbashi, kwenye kumbukumbu za uwanja wa ndege.

Umefuata yote, kesi bado haifunguki

Hapa ndipo utafiti wa UFO kwa ujumla ulipokwama, na inaniuma, kwa sababu watu wenye bidii wapo. Kesi ambazo hazijajibiwa huhesabiwa kama ushindi. Kumbe nyingi hazijajibiwa kwa kukosa taarifa. Serikali ya Marekani ilipotoa tathmini yake Juni 2021, kati ya ripoti 144 ilitambua moja tu, puto lililokuwa likiishiwa hewa. Si kwamba 143 zilikuwa za ajabu. Data yake ilikuwa haba. Ofisi ya AARO, ya wizara ya ulinzi ya Marekani ya kuchunguza ripoti hizi, iliyoundwa 2022, ilieleza mwishoni mwa 2024 kwamba kati ya ripoti 757 mpya, 21 zilistahili uchambuzi zaidi, na kwamba haijapata ushahidi wa viumbe wa nje ya dunia. Hizo 21 ndizo ningependa kuzisoma.

Wafaransa wana utaratibu ninaoupendekeza. Ofisi yao ya GEIPAN, chini ya shirika la anga la CNES huko Toulouse, huziweka kesi katika madaraja manne: A imetambuliwa, B huenda imetambuliwa, C haiwezi kuamuliwa kwa kukosa taarifa, D imechunguzwa vizuri na bado haielezeki. Kutenganisha C na D ndiko kunakoleta uaminifu. Kesi ya shahidi mmoja, bila saa kamili, bila picha, ni C hata kama hadithi yake inasisimua.

Ili upate D ya kweli unahitaji vyombo vilivyokuwa vimeelekezwa pale kabla ya tukio. Bonde la Hessdalen nchini Norway lilionekana na taa za ajabu mara kwa mara mwanzoni mwa miaka ya 1980. Wahandisi wakapeleka vipimo, na tangu 1998 kuna kituo cha kamera kinachojiendesha. Hawajamaliza ubishi, ila wana rekodi zenye saa na mwelekeo, vitu ambavyo mwanafizikia anaweza kuvibishia. Nasi tunaweza: kamera mbili za anga, kilomita 30 au 40 kati yake, saa zake zikilinganishwa kwa GPS, zinatosha kupata umbali wa kitu kwa hesabu ya pembetatu ya sekondari. Vikundi vya wapenda nyota Nairobi, Arusha au Kampala vikiziweka, vitanasa vimondo kila mwezi, na siku kitu kingine kikipita kutakuwa na namba.

Kesi yako ya sasa iandike C, orodhesha ulichokagua na kilichokosekana, ihifadhi pamoja na faili halisi, na umpelekee shahidi nakala.